Makanisa Yatima na Riziki ya Mungu

Wakristo wa nchi zetu wamezoea kusema ya kwamba Mungu hamtupi mja wake. Neno hili ni kweli, nasi twalikiri. Lakini mtu akilisema ghala lake likiwa limejaa, hatujui bado kama analiamini au amelizoea tu. Kwa hiyo yafaa mara kwa mara tutazame nyuma, tuone wazee wetu walilishikaje neno hili siku zile ghala lilipokuwa tupu, barua zilipokoma, na mchungaji alipokuwa amechukuliwa. Katika habari hii twataka kueleza miaka ya Vita Vikuu vya kwanza katika nchi iliyotawaliwa wakati ule na Wadachi, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania bara ya leo, pamoja na miaka michache iliyofuata. Waandishi wa historia ya kanisa huziita misheni nyingi za miaka ile misheni yatima, maana zilipotewa na walezi wao. Swali letu ni moja: yatima hawa waliishije?

Kwanza yatupasa kukumbuka jinsi misheni zilivyokuwa kabla ya vita. Waingereza wa UMCA walikuwa wakifanya kazi Unguja, Bonde na Masasi. Waingereza wa CMS walikuwa Mpwapwa, Ukaguru na Ugogo. Misheni za Wadachi za Kilutheri zilikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1887, Usambara, mlima wa Kilimanjaro tangu mwaka 1893, na upande wa kaskazini ya Ziwa Nyasa tangu mwaka 1891, mwaka uleule Wamoravian walipojenga Rungwe. Kila mahali palikuwa na shule, na kila shule ilikuwa na mwalimu, naye mwalimu alipata mshahara wake mdogo kutoka kwa mmishenari. Mshahara huo ulitoka wapi? Ulitoka katika sadaka za Wakristo wa Ulaya, ukapita baharini. Vivyo hivyo vitabu, karatasi, dawa, misumari, na nguo. Watu wakaona merikebu ikitia nanga na vitu vikishushwa, na wengi wakadhani, bila kusema kwa kinywa, ya kwamba riziki ya kanisa hutoka melini.

Hata mwezi wa Agosti 1914 vita ikaanza. Mwanzoni mwa mwaka 1915 manowari za Waingereza zilifunga pwani yote, wala hazikupenya ila merikebu mbili tu za Kidachi, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916, nazo zilileta silaha na vifaa vya vita. Sadaka za Ulaya zikakoma kufika. Katika nchi watu walirudia kusokota pamba kwa mikono, na wataalamu wa Amani, katika milima ya Usambara, walitengeneza dawa ya homa kwa magome ya miti iliyopandwa huko. Fedha nayo ilipungua, serikali ikapiga chapa noti za rupia hapa hapa nchini kwa karatasi duni, na huko Tabora mwaka 1916 ikafua sarafu kwa shaba ya maganda ya mizinga. Mtu aliyeweka akiba ya noti zile aliziona baadaye, serikali ilipobadilika, kuwa karatasi tu mkononi mwake. Walimu wengi walipunguziwa mshahara, kisha wakakosa kabisa. Basi hapo ndipo neno la kumtegemea Mungu lilipoacha kuwa neno la mahubiri, likawa neno la jikoni.

Jaribu la kwanza liliwapata Wakristo wa misheni za Kiingereza. Wamishenari wao walitiwa kizuizini kwa kuwa ni raia wa adui. Wengine waliwekwa Kiboriani, mlimani karibu na Mpwapwa, mahali palipokuwa pa misheni yenyewe, na baadaye wengi walipelekwa Tabora. Lakini mkono uliokuwa mzito zaidi uliwaangukia walimu na mapadre Waafrika. Walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, kwa sababu walijua kusoma, waliandikiana barua, na walikuwa rafiki za wamishenari. Wengi walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa, wakatumikishwa kazi ngumu na kupewa chakula haba. Wengine walikufa kabla ya kuona siku ya kufunguliwa. Tabora ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, wafungwa waliokuwako walitoka, wakashika njia ya kurudi kwao, mwendo wa siku nyingi kwa miguu.

Tusiipite habari hii upesi. Ni vyepesi kusema, Mungu aliwaokoa. Aliwaokoa wale waliorudi. Lakini wale waliokufa je, hawakusali? Walisali. Tena huenda walisali kuliko sisi. Kwa hiyo twajifunza tangu mwanzo ya kwamba kumtumaini Mungu si kama kulipa fedha dukani na kupewa bidhaa. Vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadreza walijua jambo hili: walikiri kuwa Mungu wao aweza kuwaokoa, na papo hapo wakasema kwamba hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Imani ya namna hiyo haingoji kuona mwisho wa mambo kwanza.

Na huku nyuma, katika vijiji walikotoka, ni nani aliyewatunza Wakristo? Hapa twaona jambo la kushangaza, ambalo lilitengenezwa miaka mingi kabla ya vita. UMCA ilikuwa imewafundisha vijana Waafrika katika chuo cha Kiungani, Unguja, na mwaka 1890 Cecil Majaliwa alipewa upadre, akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Alifanya kazi Chitangali, upande wa Masasi. Wengine walimfuata. Wakati ule watu wengi walisema ni mapema mno, Waafrika hawajawa tayari. Lakini vita ilipokuja na wazungu wakachukuliwa, wale mapadre na walimu ambao hawakufungwa walikuwako. Waliweza kubatiza, kuwazika wafu, kuwafariji wajane, na mapadre waliweza kutoa sakramenti. Mungu hakushusha msaada mpya kutoka mbinguni siku ya dhiki. Msaada alikwisha kuupanda miaka 24 kabla, nao ulikuwa umekua kimya kimya kama mti wa matunda uani.

Kisha zamu ikageuka. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalipita Kilimanjaro. Mwezi wa Julai yalitwaa Tanga, na mwezi wa Septemba Dar es Salaam. Sasa wamishenari Wadachi ndio waliokuwa adui. Upande wa Rungwe waliondolewa mwaka uleule wa 1916. Wa Kilimanjaro waliachwa waendelee na kazi kwa muda, lakini mwaka 1920 nao walifukuzwa, wakarudishwa kwao. Mapatano ya amani ya Versailles ya mwaka 1919 yaliagiza ya kwamba mali za misheni za Wadachi zikabidhiwe kwa wadhamini wa imani ileile, zisije zikauzwa kama mali nyingine za adui. Hivyo majengo yalihifadhiwa. Lakini majengo hayahubiri.

Hapo Walutheri wa Kilimanjaro walijikuta katika shida kuliko ile ya UMCA, maana hawakuwa na mchungaji hata mmoja Mwafrika aliyewekewa mikono. Wachungaji wa kwanza Waafrika wa huko waliwekwa mwaka 1934, miaka 14 baada ya kufukuzwa kwa wamishenari. Mwalimu wa kijiji, kwa desturi ya kanisa lake, hakuwa na ruhusa ya kutoa Chakula cha Bwana. Alikuwa na nini basi? Alikuwa na Agano Jipya, kitabu cha nyimbo, kengele, ubao wa kufundishia, na jembe. Asubuhi alifundisha watoto. Jua likipanda alikwenda kulima, kwa kuwa hakuna aliyemlipa. Jumapili alisimama mbele ya watu akasoma na kuomba. Wazee wa kanisa waliamua magomvi na kuwaonya waliopotoka. Wake za walimu na wanawake waumini walipika kwa ajili ya wageni, wakatunza wagonjwa, wakagawana kidogo walichokuwa nacho. Wapo walimu walioacha kazi na kwenda kutafuta mshahara mahali pengine, wala hatuwahukumu, maana walikuwa na watoto. Lakini waliobaki walitosha.

Tazama sasa riziki ilivyokuja. Haikuja kama gunia lililoanguka kutoka mbinguni. Ilikuja kwa kibaba kimoja kutoka nyumba hii, mkungu wa ndizi kutoka nyumba ile, na siku moja ya kazi katika shamba la mwalimu. Wana wa Israeli jangwani walipewa mana ya siku moja, na waliojaribu kuweka mpaka kesho waliikuta imeoza, ila siku ya kuiandalia Sabato. Na yule mjane wa Sarepta hakuletewa debe la unga. Unga wake ulikuwa konzi moja tu ndani ya pipa, lakini kila alipotia mkono aliukuta. Makanisa yatima yaliishi hivyo. Kila mwezi ulionekana kuwa wa mwisho, nao ukapita, ukaja mwingine.

Lakini kuna sura nyingine ya miaka ile, nasi tukiificha tutakuwa hatukusema kweli. Ni habari ya njaa ya Ugogo, iliyoitwa Mtunya, iliyoenea nchini kuanzia mwaka 1917 hata mwaka 1920. Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na watu wake tangu zamani wamejua kuishi na ukame. Mvua ikikosekana mwaka mmoja, waliuza ng'ombe wakanunua nafaka kwa jirani. Vijana wenye nguvu walikwenda mbali kutafuta chakula. Walioweka akiba waliwapa ndugu zao. Sasa vita ilivunja nguzo hizo zote. Jeshi la Wadachi lilichukua ng'ombe na nafaka. La Waingereza likaja likachukua tena. Wanaume wenye nguvu walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabeba mizigo ya majeshi mpaka Rufiji na kusini, na makumi ya maelfu ya wapagazi kutoka nchi zote za Afrika ya Mashariki hawakurudi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi chao, nalo hutajwa kila siku na watu wasiojua maana yake. Basi mvua ilipokosekana, ng'ombe hakuna, akiba hakuna, wa kulima hakuna. Tena mwishoni mwa mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali ulioenea dunia nzima, ukawakuta watu wamedhoofika. Waandishi wa historia hukadiria ya kwamba katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa kama 30,000. Yaani mtu mmoja kwa kila watano.

Je, mbele ya makaburi hayo twaweza kusema Mungu hutoa? Twaweza, lakini kwa unyenyekevu. Kwanza, hatuna ruhusa ya kusema kwamba waliokufa walikosa imani. Bwana wetu alipoulizwa habari ya wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine. Pili, yatupasa kutofautisha mkono wa Mungu na mkono wa watu. Ukame hatuwezi kuuzuia. Lakini nafaka ya Ugogo haikuliwa na ukame peke yake. Ililiwa na majeshi. Mungu alikuwa ametoa, nao wanadamu wakanyang'anya. Mtu akichukua chakula cha mwenziwe kisha akamwambia amtegemee Mungu, huyo analitaja bure jina la Mungu.

Tatu, katika njaa ileile twaona riziki ilivyo. Iko habari katika Matendo ya Mitume ya nabii Agabo, aliyetabiri njaa kuu, nayo ikatokea wakati wa Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia waliposikia, hawakuketi wakingoja mbingu zifunguke. Walipima kila mtu kwa kadiri ya alichokuwa nacho, wakachanga, wakapeleka Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Kwa watu wa Uyahudi, Mungu aliwapa riziki. Kwa watu wa Antiokia, riziki hiyo ilikuwa fedha iliyotoka katika mfuko wao wenyewe. Hayo ni mambo mawili, tena ni jambo moja. Mara nyingi tunaposali Mungu atoe, jibu lake li ndani ya ghala la mtu mwingine. Na mara nyingi jirani anaposali, jibu li ndani ya ghala letu.

Wahenga husema, jitihada haiondoi kudura. Ni kweli, twaweza kulima sana na nzige wakala. Lakini makanisa yatima yatufundisha kwamba kudura nayo haiondoi jitihada. Walimu wale walimwomba Mungu mkate wa kila siku, kisha wakaamka mapema kwenda shambani. Hawakuona kuwa kulima ni kukosa imani, wala hawakuona kuwa mavuno ni kazi ya mikono yao peke yao.

Mwisho wa habari uko hivi. Msaada ulianza kurudi kidogo kidogo. Wakristo wa Uskoti waliokuwa ng'ambo ya pili, katika Nyasaland, waliyatazama makanisa ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana walikuja kuwasaidia wenzao wa Kilimanjaro miaka ya 1920 na kitu. Mwaka 1925 Wadachi waliruhusiwa tena kuingia nchini, na wamishenari wakaanza kurudi. Walirudi na hofu, maana miaka ilikuwa mingi, na wengi huko Ulaya walidhani watakuta vichaka mahali pa makanisa. Walikuta watu wanasali. Walikuta watoto wanaojua kusoma, waliofundishwa na walimu wasiolipwa. Walikuta wazee waliozoea kuamua mambo, ambao hawakuweza tena kufanywa watoto.

Na jaribu lilirudi mara ya pili. Septemba 1939 Vita Vikuu vya pili vilianza, na wamishenari Wadachi walitiwa kizuizini, na hata waliokuwa wamebaki wakachukuliwa mwaka 1940. Lakini safari hii Kilimanjaro ilikuwa na wachungaji wake, wale waliowekwa tangu mwaka 1934. Lililokuwa pengo kubwa mwaka 1920 halikuwa tena pengo namna ile. Na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Askofu Stefano Moshi. Huko Dodoma nako, shule moja ina jina la Kanoni Andrea Mwaka, mmojawapo wa mapadre wa kwanza Waafrika wa CMS katika nchi ile iliyopigwa na Mtunya.

Basi, ndugu wasomaji, tukijumlisha hesabu ya miaka ile twaona kwamba riziki kubwa Mungu aliyoyapa makanisa yatima haikuwa fedha, wala vitabu, wala unga. Ilikuwa watu. Tena watu hao walitayarishwa siku za neema, wakati hakuna aliyejua watahitajiwa. Yusufu aliweka nafaka miaka saba ya shibe, naye alikuwa mtu wa kumtumaini Mungu kuliko wote waliokuwa Misri. Kuweka kwake akiba kulikuwa sehemu ya tumaini lake.

Nasi twaishi katika siku ambazo mvua hugeuka, bei za vitu hupanda, na msaada wa mbali waweza kukoma kwa barua moja. Tusiogope, wala tusilale. Kijiji chenye ghala la kanisa, ambalo kila nyumba hutia pishi moja wakati wa mavuno kwa ajili ya mjane na mgonjwa, kimekwisha kuiomba riziki kwa mikono kama kilivyoiomba kwa kinywa. Usharika unaompeleka kijana wake mmoja kusomea ualimu au uchungaji, hata kwa kujinyima, unapanda mti ambao kivuli chake kitahitajiwa siku isiyojulikana. Na mtu anayegawa konzi yake ya mwisho na jirani, huyo hatujui tumwite mwenye kupewa au mwenye kutoa. Mungu amemtumia kwa yote mawili.

Wazee wetu walivuka miaka ile pasipo meli, pasipo mshahara, na wengine pasipo kurudi nyumbani. Hawakutuachia mali. Walituachia makanisa yaliyo hai, na ushuhuda kwamba Mungu wa siku ya shibe ndiye Mungu wa siku ya njaa. Tuupokee ushuhuda huo, tukaushike kwa sala na kwa jembe.